Benny Parsons: dereva teksi wa Detroit aliyebeba ubingwa wa NASCAR kwa ushindi mmoja, kisha akahamia kwenye maikrofoni

FundiGerezani

Wakuu, salaam.

Kila ukifunguliwa uzi wa mbio za magari humu tunaanza na Schumacher, tunamaliza na Hamilton, na katikati wanaingia ndugu zetu wa Kenya na Safari Rally yao. Si vibaya. Leo naomba niwapeleke kusini mwa Marekani, kwenye NASCAR, nimlete mtu ambaye hata mashabiki wa kule wakipanga kumi bora yao mara nyingi wanamruka. Anaitwa Benny Parsons.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Huyu bwana hakuwa na mbio kuliko wenzake, na kwa sababu hiyohiyo alikuja kuwa mtangazaji mzuri kuliko wengi waliokuwa wanamwacha uwanjani.

Kazaliwa 12 Julai 1941 huko Wilkes County, North Carolina, chini ya milima ya Blue Ridge. Wilaya ile enzi hizo ilijulikana kwa gongo kuliko kitu kingine chochote. Vijana walipika pombe ya mahindi porini, usiku wanaipakia kwenye gari lenye sura ya kawaida ila injini imechokonolewa, kisha wanakimbizana na watu wa kodi kwenye kona za milimani. Siku ya mapumziko wanashindana wenyewe kwa wenyewe kujua gari la nani kali. Mchezo wenyewe una mizizi mingi hapo. Mwana-Wilkes mwenzake, Junior Johnson, alikula jela mwaka 1956 kwa sababu ya mtambo wa baba yake, akatoka, akawa gwiji wa NASCAR, na 1986 Rais Reagan akampa msamaha rasmi.

Parsons yeye hakuingia huko. Wazazi wake walikwenda Detroit kusaka kazi, mtoto akabaki kijijini Parsonsville analelewa na bibi mkuu, yaani bibi wa mzazi wake. Alipomaliza shule akawafuata wazazi Detroit. Akawa anajaza mafuta kituoni na kuendesha teksi za baba yake.

Sasa sikieni hii. Siku moja pale kituoni wanapita jamaa wawili wanavuta gari la mashindano, wanamwambia twende zetu uwanjani. Akaenda kama mtazamaji. Dereva wa lile gari hakutokea. Usiku uleule Parsons akapewa usukani, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kushindana. Mwaka 1968 alikuwa bingwa wa ARCA, ligi ya chini kidogo ya NASCAR, na 1969 akarudia.

Hata alipofika ligi kubwa, kwenye fomu za kujiandikisha, pale wanapouliza kazi yako, alikuwa anaandika: dereva teksi.

Naendelea, nipeni muda nifunge gereji.

MkataKona

Kiti cha mbele. Usituache njiani kama ule uzi wako wa injini za dizeli.

BintiMwembeTayari

Nami nipo. Ila mkuu, kwa sisi tusiojua, hiyo NASCAR ni nini hasa? Naonaga magari yanazunguka tu upande mmoja mpaka kichwa kinauma.

FundiGerezani

Dada, swali zuri. Ni kampuni inayosimamia mbio za magari ya dukani. Wazo la mwanzo lilikuwa hivyo: unachukua gari la aina ileile aliyonayo jirani yako, unaliongezea nguvu, unashindana. Mkutano wa kuianzisha ulifanyika hotelini Daytona Beach, Florida, Desemba 1947, chini ya Bill France, na 1948 ikasajiliwa. Siku hizi la dukani limebaki jina na sura tu, ndani ni gari jingine kabisa, limeundwa kwa kizimba cha mabomba ya chuma kumlinda dereva.

Kuhusu kuzunguka upande mmoja, ni kweli, wanakata kushoto. Ila kona zenyewe zimeinuka. Talladega ya Alabama kona zina nyuzi 33. Wewe ukijaribu kuipanda kwa miguu unaweza kuishia kutambaa. Gari linaingia pale na spidi yake yote bila kugusa breki. Ndiyo maana yule anayekueleza nini kinaendelea ana umuhimu mkubwa, bila yeye utaona hicho ulichosema, kizunguzungu.

FundiGerezani

Tuendelee. 1973.

Parsons alikuwa anaendeshea timu ya L.G. DeWitt, mzee mwenye malori na mashamba ya matunda pale Ellerbe, North Carolina. Timu ya kijijini. Wapinzani ni Richard Petty, David Pearson, Cale Yarborough na Bobby Allison, majina ambayo ukiyasoma tu unasikia harufu ya mpira ulioungua. Parsons msimu mzima ameshinda mara moja tu, kiwanja cha Bristol, Julai, na hata hapo joto lilimzidi ikabidi John Utsman amshikie usukani kwa sehemu ya mbio kisha akamrudishia. Sheria inasema aliyeanza ndiye anayehesabiwa.

Lakini hakukosa mbio hata moja kati ya 28, na nyingi alimaliza mbele mbele. Kwa hiyo mbio za mwisho, 21 Oktoba 1973 Rockingham, anafika akiwa anaongoza kwa pointi. Rockingham ni jirani kabisa na Ellerbe, na DeWitt mwenyewe alikuwa bosi wa kile kiwanja. Yaani yuko nyumbani. Anachotakiwa ni kuendesha taratibu amalize.

Mzunguko wa 13 akapigana na gari lililoserereka mbele yake. Upande wote wa kulia ukang'oka. Bodi, tairi, mpaka mabomba ya kizimba. Kuna picha za siku ile, unamwona dereva alivyokaa ndani kama mtu aliyekaa barazani. Kwa macho ya fundi hilo gari hulipeleki gereji, unalipeleka kwa wauza skrepa.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike uzi huu. Mafundi wa timu nyingine waliacha shughuli zao wakaja. Palikuwa na gari moja uwanjani ambalo halikufuzu kushindana, mali ya Bobby Mausgrover. Wakalikata mabomba yake kwa gesi, wakayachomelea kwenye gari la Parsons. Wakafunga ekseli, wakafunga miguu, bodi ya upande wa kulia wakaachana nayo. Zaidi ya saa nzima. Aliporudi barabarani alikuwa nyuma kwa mizunguko 136, gari liko uchi upande mmoja.

MkataKona

Sasa kurudi kwa faida gani na ameshaachwa mizunguko 136?

FundiGerezani

Hapo ndipo penye utamu. Mfumo wa pointi wa mwaka ule ulikuwa na pointi za nafasi uliyomaliza, halafu na pointi za kila mzunguko uliokamilisha, thamani yake inategemea urefu wa kiwanja. Kwa hiyo kila akizunguka na lile banda lake anaokota visenti. Injini ya Petty ikafa. Parsons akazunguka jumla ya mizunguko 308 kati ya 492, akamaliza wa 28, na akachukua ubingwa. Alimzidi Yarborough kwa pointi 67.15. Hiyo .15 ndiyo alama ya visenti ninavyovisema.

MkataKona

Mkuu, heshima yako, ila mimi hapo sioni bingwa, naona mfumo mbovu. Pearson mwaka huohuo kashinda mbio 11! Kumi na moja. Halafu kombe apewe mwenye moja? Na hata hiyo moja kashikiwa usukani.

FundiGerezani

Nilijua utakuja. Pearson alishinda 11 kati ya 18 alizoingia. Timu yake, Wood Brothers, ilikuwa inachagua mbio kubwa zenye pesa, nyingine inabaki nyumbani. Walijua hesabu ya ubingwa inavyokwenda, wakaamua hela kwanza. Ni haki yao. Ila huwezi kususa mbio 10 halafu ulalamike kuwa kombe limeenda kwa aliyekuja kazini siku zote.

Na si yeye peke yake. Bill Rexford 1950, Ned Jarrett 1961, Matt Kenseth 2003, wote walibeba ubingwa kwa msimu wa ushindi mmoja. Cha Kenseth kiliwauma watu sana, na 2004 NASCAR ikaleta mfumo mpya kabisa wa kumpata bingwa katika mbio 10 za mwisho. Shikilia hilo jina la Ned Jarrett, nitalirudia.

MkataKona

Nimeshika. Sijakubali, ila nimeshika.

KonaZaNaivasha

Mimi niko upande wa fundi. Huku kwetu watu wa rali wanajua, kumaliza Safari ilikuwa kazi kuliko kushinda kwenyewe. Wangapi walikuja na magari makali yakabaki kwa matope?

Hebu tuambie Daytona aliwahi kushinda ama alikuwa mtu wa pointi tu?

FundiGerezani

Alishinda. Daytona 500 ya 1975, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, Februari, na Chevrolet namba 72 ya mzee DeWitt. Alianza nafasi ya 32.

Mwishoni Pearson yuko mbele peke yake, Parsons wa pili na hamfikii. Kuna kitu mnapaswa kukijua. Magari mawili yakifuatana bampa kwa bampa yanakwenda kasi kuliko gari moja, kwa sababu la mbele linapasua upepo na la nyuma linamwondolea la mbele ile hewa inayomvuta kwa nyuma. Mmewaona vijana wa baiskeli wanaojibanza nyuma ya lori barabara kuu? Wanapumzika na spidi ipo. Sasa Petty siku hiyo gari lilikuwa linachemsha, ameshapoteza mizunguko mingi, hana cha kugombea, ila gari bado lina mbio. Akampungia Parsons mkono: nifuate. Akawa anamvuta, wanamla Pearson kidogokidogo kila mzunguko.

Zikiwa zimebaki kama duru tatu hivi, Pearson akaguswa akiwa katikati ya magari aliyokuwa anayapita kwa mara nyingine, Yarborough akiwemo, akazunguka kama pia. Parsons akapita. Kwisha.

Petty na Parsons walikuwa timu tofauti. Na 1973 mafundi waliomsaidia hawakuwa wa kwake. Mara mbili kubwa za maisha yake ya mashindano, katikati yake pana mkono wa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kimaslahi ya kumsaidia. Unaweza kuita bahati. Mimi fundi nakwambia, watu hawaachi spana zao kwenda kumsaidia mtu wasiyempenda.

BintiMwembeTayari

Hapo umenena. Kuna watu wakiharibikiwa na gari barabarani hata boda hawasimami.

KonaZaNaivasha

Nimesoma mahali kwamba huyu ndiye wa kwanza kufika maili 200 kwa saa. Si ni Buddy Baker?

FundiGerezani

Yote mawili ni sahihi, inategemea unauliza nini. Buddy Baker Machi 1970, Talladega, na Dodge Daytona lile lenye bawa refu nyuma, alifika maili 200.447. Ila ilikuwa majaribio, uwanja mtupu. Parsons 1982, Talladega hapohapo, na Pontiac ya Harry Ranier, aliweka maili 200.176 kwa saa kwenye zoezi rasmi la kupanga nafasi za kuanzia. Hiyo ni kama kilomita 322. Wa kwanza katika NASCAR kuvuka 200 kwenye kufuzu rasmi. Mbio zenyewe alishinda Darrell Waltrip.

Na angalieni mchezo wa dunia. Baker, Parsons, Waltrip, wote watatu waliishia kuwa watangazaji.

MtuWaCharlotte

Waltrip ndiyo nilimkuta mimi nilipohamia huku, anatangaza televisheni ya Fox. Yule kelele nyingi. Kila mbio zikianza lazima apige ule ukelele wake wa bugidi bugidi. Mwanzoni nilidhani televisheni ya jirani imeharibika.

BintiMwembeTayari

😂😂 Mkuu wa Charlotte karibu jamvini. Nina swali lakini, na msinitoe nje ya mada. Watu weusi walikuwepo huko? Maana North Carolina, Alabama, miaka ya 60...

FundiGerezani

Dada, haupo nje ya mada hata kidogo. Wendell Scott wa Danville, Virginia. Naye alikuwa dereva teksi! Naye tofauti na Parsons gongo aliibeba. Gari anatengeneza mwenyewe na wanawe, pesa ya mfadhili hakuna, kuna viwanja walimzuia. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, alishinda akiwa na mizunguko miwili zaidi ya aliyemfuata. Wakampa ushindi Buck Baker, baba yake Buddy tuliyemtaja hapo juu. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wameshaondoka, wakakiri kwamba hesabu ilikosewa na mshindi ni Scott. Hakupewa sherehe. Amefariki 1990, na akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa NASCAR 2015. Mweusi wa pili kushinda ngazi hiyo ni Bubba Wallace, Talladega, Oktoba 2021. Miaka 58 katikati.

Scott alipata ajali mbaya Talladega mwaka 1973, mwaka uleule wa ubingwa wa Parsons, na baada ya hapo hakurudi tena kama zamani. Huyo anastahili uzi wake mwenyewe, tena mrefu kuliko huu.

MkataKona

Haya turudi kwenye maikrofoni, ndiyo ulichotuahidi kwenye kichwa cha habari.

FundiGerezani

Ndiyo nakuja huko.

Parsons alianza kushika maikrofoni miaka ya 80 akiwa bado anashindana. Wikiendi hii yuko kwenye gari, wikiendi nyingine yuko juu kwenye kibanda cha watangazaji. Mwaka 1987 aliitwa na timu ya Hendrick kumshikia nafasi dereva wao Tim Richmond aliyekuwa mgonjwa, na akamaliza Daytona 500 wa pili nyuma ya Bill Elliott, akiwa na miaka 45. 1988 ikawa mwisho. Jumla mbio 526, ushindi 21.

ESPN, televisheni ya michezo, ndiyo iliyomfanya awe wa watu. Pale kibandani alikaa na Bob Jenkins, mtangazaji wa kazi, na Ned Jarrett. Jarrett ni bingwa wa 1961 na 1965, aliyestaafu 1966 akiwa na miaka 34 tu. Mkumbuke nilichowaambia mshikilie. Hao wawili wachambuzi wote walibeba kombe kwa msimu wa ushindi mmoja! Jarrett ushindi wake kwa ujumla ni 50, si mdogo, lakini 1961 alishinda mara moja tu.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo, MkataKona nisikilize vizuri. Dereva anayeongoza kila wiki anaona nini mbele yake? Lami. Wa nafasi ya sita ndiye anayeona kila kitu. Anaona nani anakula tairi la mbele kulia, nani gari lake linarusha mkia, nani linagoma kukata kona analazimisha, nani anahifadhi mafuta. Lazima aone, kwa sababu hana nguvu za kuwapita, anaishi kwa kusubiri waharibikiwe. Parsons alifanya kazi hiyo miaka karibu 20. Akipewa maikrofoni anakuonyesha mapema nani atapata shida.

Halafu lugha. Hakuongea kama mtu anayetaka ujue kwamba yeye ni bingwa. Gari likirusha mkia alikwambia linarusha mkia, kisha anakueleza watakachofanya likisimama: fundi anaingiza spana ndefu kupitia kioo cha nyuma, anakaza au kulegeza springi, nusu mzunguko, na gari linabadilika tabia. Mimi nimejifunza mambo ya uzito unaokalia kila tairi kwa kumsikiliza kwenye video za zamani usiku, na nimeyatumia hapa Gerezani kwenye Corolla za watu.

MkataKona

Hapo sasa umenishika. Maana wachambuzi wetu wa mpira, mchezaji wa zamani akikalishwa studio, dakika 10 za kwanza ni "enzi zetu sisi". Enzi zenu mlifungwa nyingi tu tunakumbuka.

BintiMwembeTayari

Na hawataki kutaja kosa la mchezaji kwa sababu ni rafiki yake. Huyo Parsons alikuwa anakosoa?

FundiGerezani

Alikosoa, ila kwa upole, na wengine walimlaumu kwamba ni mpole mno. Nakubali hilo. Ukitafuta mchambuzi wa kuchana watu, siye. Faida yake ni kwamba madereva walimwambia mambo. Mtu anayejua hutamdhalilisha hewani anakueleza ukweli pembeni.

Na jicho lake halikuwa la maneno tu. Majira ya baridi ya 1995 kwenda 1996 ESPN walikuwa wanaonyesha mbio ndogo huko Tucson, Arizona. Parsons kibandani akamwona kijana asiyejulikana kutoka jimbo la Washington, Greg Biffle. Akamfuata Jack Roush, mwenye timu kubwa, akamwambia mchukue huyu. Roush akamchukua kwa neno la Parsons. Biffle akawa bingwa wa ligi ya malori madogo 2000, bingwa wa ligi ya pili 2002, na ngazi ya juu akashinda mara 19.

Baadaye, 2001 mpaka 2006, alikuwa NBC na TNT pamoja na Allen Bestwick, kisha Bill Weber, na Wally Dallenbach. Pale walimpa kipindi cha kuzunguka viwanjani anaonja vyakula vya mashabiki, wakamtungia na jina la mlaji. Mtu mnene, mchangamfu, ana sahani mkononi, na dakika chache baadaye anakueleza shinikizo la tairi.

MtuWaCharlotte

Umemtaja Ned Jarrett bila kusimulia 1993? Huwezi.

Daytona 500, Ned yuko hewani CBS. Mzunguko wa mwisho, mwanawe Dale Jarrett anapigana na Dale Earnhardt, ambaye hajawahi kushinda Daytona 500 mpaka siku hiyo. Mtayarishaji akamwambia Ned kwenye hedifoni achana na utangazaji, kuwa baba. Mzee akaanza kumwelekeza mwanawe hewani kama yuko naye ndani ya gari, shikilia chini, usimruhusu. Dale akashinda. Baadaye Ned akaona haya kwa upendeleo, akaenda kumwomba Earnhardt radhi. Earnhardt akamjibu kwamba hata yeye ni baba.

KonaZaNaivasha

Wueh. Hiyo nimeitafuta sasa hivi nikaitazama mara mbili.

Lakini kuna yule mwingine maikrofoni haikumtosha. Neil Bonnett. Aliumia kichwa Darlington 1990 mpaka kumbukumbu zikapotea, akageukia televisheni, na alikuwa mzuri. 1993 akarudi kushindana Talladega, gari likaruka likapiga uzio, akatoka mzima, akapanda kibandani kutangaza sehemu iliyobaki ya mbio hizohizo!

FundiGerezani

Ndiyo huyo. Februari 1994 akafariki kwenye mazoezi Daytona. Alikuwa rafiki mkubwa wa Earnhardt, na Earnhardt naye 2001 akafia hapohapo Daytona, mzunguko wa mwisho. Ndiyo maana namheshimu aliyejua wakati wa kushuka kwenye gari.

BintiMwembeTayari

Parsons mwenyewe alimalizaje?

FundiGerezani

Julai 2006 alikwenda hospitali kwa kukosa pumzi, wakamkuta na saratani kwenye pafu la kushoto. Sigara alikuwa ameiacha tangu 1978. Akaendelea kutangaza huku anatibiwa, watazamaji wanaona nywele zinapungua na sauti inabadilika. Oktoba akaelezwa kwamba uvimbe umeondoka ila lile pafu limeharibika halifanyi kazi tena. Msimu ukaisha Novemba, na NBC nao mkataba wao ukaisha siku hiyohiyo. Desemba akarudishwa hospitali. Tarehe 16 Januari 2007 akafariki Charlotte, ana miaka 65.

Alikuwa anaanzisha shamba la mizabibu kijijini Purlear, Wilkes, aje kutengeneza mvinyo, na mkewe Terri akaliendeleza. Wilaya ya gongo, sasa wanauza mvinyo wenye leseni na risiti. Junior Johnson sijui alilionaje hilo.

Jumba la Mashujaa walimwingiza 2017. Kwa nini wachelewe hivyo, mimi nadhani ni fikra kama za MkataKona: wanahesabu ushindi.

MkataKona

Usinisingizie uzembe wa kamati ya Wamarekani 😅. Sawa, nasalimu amri kwenye utangazaji. Kwenye ubingwa wa 1973 bado nasema Pearson ndiye aliyekuwa dereva bora wa mwaka.

FundiGerezani

Dereva bora wa mwaka, nakupa. Bingwa, hapana. Ni vitu viwili.

MtuWaCharlotte

Kwa yeyote atakayepita huku, hilo jumba liko katikati ya mji, lilifunguliwa 2010. Ndani wamejenga njia iliyoinuka kidogo kidogo, magari yamepangwa juu yake, mpaka unafika nyuzi 33 za Talladega. Nilijaribu kusimama pale mwisho na viatu vya kazini, nikateleza nikashikiliwa na mlinzi. Kuanzia siku hiyo siwacheki tena wanaozunguka kushoto.

KonaZaNaivasha

Swali la mwisho fundi, Phil Parsons ni nani yake? Nimeliona jina kwenye hizo video.

FundiGerezani

Mdogo wake wa damu. Wamepishana miaka 16. Naye alikimbia NASCAR, ushindi wake ngazi ya juu ni mmoja tu, Talladega, Mei 1988. Alipoacha kushindana akaenda wapi? Kibandani, kutangaza.